Msumari wa bati baada ya kimbunga: maswali ya wafanyakazi wa viwanda na karakana

Maswali haya huulizwa na mafundi, wapakiaji na wafanyakazi wa viwanda hapa Pemba kila upepo mkubwa unapoezua mapaa. Majibu ni ya mhudumu wa afya ambaye amechoka kupokea watu waliochelewa mpaka wakashikwa na pepopunda.

Kimbunga na Zanzibar wapi na wapi? Si mambo ya Msumbiji hayo?

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja majahazi na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na toka hapo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka huku kwetu. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitupita kikaenda kuishia Cabo Delgado, Msumbiji. Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia, na boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Msimu wenyewe kwa kawaida ni Novemba hadi Aprili. Na huo upepo hauhitaji kufika kilomita 119 kwa saa, kiwango cha kuitwa kimbunga, ndipo uling'oe bati la ghala.

Watu wengi huumia upepo unapovuma?

Wengi ninaowaona mimi huumia upepo ukishatulia. Asubuhi ya pili jua limetoka, bosi anataka mashine zianze kazi, vijana wanaitwa kuja kusafisha. Bati zimetapakaa uwanjani, mbao zimelala na misumari imeangalia juu, maji ya matope yamefunika kila kitu. Na mtu anaingia humo amevaa ndara! Ndara haizuii msumari. Tena msumari ukipita kwenye ndara unasukuma kipande cha mpira pamoja na tope hadi ndani ya nyama, na kipande hicho hubaki humo wakati msumari umeshatolewa.

Nimekanyaga msumari. Tundu ni dogo, damu imekata, natembea vizuri. Kuna haja ya kwenda kituoni?

Ndiyo. Nenda siku hiyohiyo.

Naomba hili lieleweke vizuri, maana ndilo linalotuulia watu. Mtu aliyekatwa na bati mkono mzima hukimbizwa hospitali na wenzake, damu zinamchuruzika, kila mtu ameona. Huyo tunamsafisha, tunamshona, tunamchoma sindano ya pepopunda, anapona. Aliyechomwa na msumari unyayoni huendelea na kazi. Ukimtazama mguu unaona kidoa cheusi tu, kama punje ya mtama, na ngozi imeshafunga juu yake. Jeraha lenye kina na mdomo mwembamba ndilo baya zaidi, kwa sababu vijidudu vya pepopunda hukua pasipo na hewa. Ngozi ikijifunga juu imewafungia ndani mahali wanapopapenda.

Kwa hiyo usipime jeraha kwa damu wala kwa maumivu. Pima kwa kina na kwa uchafu wa kilichokuchoma.

Pepopunda ni nini hasa?

Ni ugonjwa wa sumu inayotolewa na bakteria wanaoishi kwenye udongo, vumbi na kinyesi cha wanyama. Sumu hushika mishipa ya fahamu, misuli ikakaza. Hauambukizi kutoka mtu kwa mtu. Dalili huanza siku 3 hadi 21 baada ya jeraha, mara nyingi karibu na siku ya nane au ya kumi, yaani wakati mwenyewe ameshausahau msumari.

Lakini msumari wangu ulikuwa mpya, hauna kutu.

Kutu si sumu. Vijidudu vimo kwenye udongo, na baada ya mafuriko udongo uko kila mahali, pamoja na maji ya vyoo na samadi. Msumari mpya uliolala kwenye tope ni sawa na wa zamani. Mwiba, kijiti na kigae pia vinatosha.

Nimeshatia mafuta ya taa. Mwenzangu ametia majivu. Haitoshi?

Haitoshi, na mengine yanazidisha. Nimekuta kwenye vidonda vya watu mafuta ya taa, dawa ya meno, majivu, ugoro, unga wa betri, hata samadi ya ng'ombe, ambayo ndiyo makao yenyewe ya vijidudu hivi. Na wale wanaopasua kidonge cha rangi mbili wakanyunyiza ule unga juu ya kidonda: unga ule unaganda, unaziba mdomo wa jeraha, na ndani haufiki. Mnapoteza dawa na mnapoteza siku.

Cha kufanya ni hiki. Osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, dakika tano kamili, si kumwagia kikombe kimoja. Funika kwa kitambaa safi. Usizibe kwa gundi, usishone nyumbani. Kama nondo au ubao umezama ndani sana, usiuchomoe. Ufunge usitikisike na mpeleke mtu hospitali nao. Halafu nenda kituoni. Kuosha hakuchukui nafasi ya sindano, na sindano haichukui nafasi ya kuosha.

Nina sukari na nyayo zimekufa ganzi. Je?

Wewe kagua nyayo zako kila jioni wakati wa usafi, kwa mkono na kwa taa. Unaweza kutembea na msumari siku nzima usijue. Na usiingie uwanjani bila buti hata kwa dakika moja.

Mgonjwa taya zimekaza na anajikunja mgongo. Nyumbani wanasema ni shetani, apungwe kwanza.

Hapana. Jamani, hapana. Taya kukaza, shingo ngumu, kushindwa kumeza, tumbo gumu kama ubao, mwili kushituka kwa mlio wa mlango au mwanga wa taa: hizo ni dalili za pepopunda, na kila saa inahesabika. Akili ya mgonjwa huwa timamu, anasikia kila kitu na anaumia. Ngoma na kelele za kupunga ndizo zinazomletea mikazo zaidi, na mkazo mmoja unaweza kumkata pumzi.

Nawaheshimu wazee, na wanaotaka kumsomea wamsomee, kwa sauti ya chini, wakiwa ndani ya gari kuelekea hospitali. Chake Chake, Wete, Abdalla Mzee kule Mkoani, Mnazi Mmoja ukiwa Unguja. Ile iliyo karibu. Msimlazimishe kula wala kunywa, atapaliwa.

Sumu ikishashika mishipa ya fahamu hakuna dawa ya kuibandua. Tunabaki kuzuia ile ambayo haijashika, kusafisha jeraha, kulegeza misuli na kumsaidia kupumua kwa wiki kadhaa. Wengine tunawapoteza, na ni vijana wenye nguvu, wenye watoto, kwa tundu la msumari.

Mimi nilichanjwa nilipokuwa mtoto. Bado nina kinga?

Kinga hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Akina mama huchanjwa tena wanapokuwa wajawazito. Akina baba hakuna anayewaita, na ndio wanaobeba mbao na bati. Ukiwa na jeraha chafu na chanjo yako ya mwisho imepita miaka 5, unahitaji kuongezewa. Kama hukumbuki, hesabu kwamba huna. Asiyewahi kukamilisha chanjo hupewa pia kinga iliyo tayari, yaani sindano ya kinga inayofanya kazi mara moja, kwa sababu chanjo peke yake inachelewa.

Kwa nini basi tusisubiri tangazo la kimbunga ndipo tuchanjwe?

Kwa sababu Mamlaka ya Hali ya Hewa hukutangazia siku chache kabla, na mwili unataka zaidi. Mtu mzima asiyechanjwa huanza na dozi ya kwanza, ya pili baada ya wiki 4, na kinga ya kutegemea huja kama wiki mbili baada ya hiyo ya pili. Dozi ya tatu ni baada ya miezi 6. Ukitaka kuingia Novemba umejikinga, anza Septemba. Wasimamizi wa viwanda, kuanzia kile cha makonyo ya karafuu pale Wawi hadi vya mwani na karakana ndogondogo za mbao, wanaweza kuzungumza na kituo cha afya wafanyakazi wote wachanjwe kwa pamoja. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, Aceh kule Indonesia ilipata wagonjwa wa pepopunda zaidi ya 100 katika wiki chache. Hao walijeruhiwa na vifusi kama hivi vyetu.

Mwajiri anapaswa kutoa nini?

Buti zenye soli ngumu, glavu nene za ngozi, sabuni, maji safi na sanduku la huduma ya kwanza lenye vitu ndani yake. Nasema hivyo kwa sababu masanduku mengi niliyoyafungua yana risiti na betri za tochi. Kabla ya upepo: funga bati zilizolegea, ondoa mbao uwanjani, zima umeme kwenye swichi kuu. Kusema "vijana wenyewe hawapendi buti" si jibu. Asiye na buti asiingie uwanjani.

Na umeme? Na jenereta?

Mashine iliyoingia maji isiwashwe mpaka fundi umeme aikague na kuikausha. Waya ulioanguka usiguswe. Jenereta iwe nje, mbali na madirisha; moshi wake una sumu isiyo na harufu, na ukilala nayo ndani ya ghala lililofungwa huenda usiamke.

Maji ya kisima?

Chemsha au tia dawa ya klorini hadi kisima kisafishwe. Anayeharisha maji matupu apewe maji ya chumvichumvi, yale ya pakiti ya ORS, huku mnampeleka kituoni.

Nilichomwa wiki iliyopita. Pameshakauka, hapaumi. Nimechelewa?

Hujachelewa kama taya bado zinafunguka sawasawa. Nenda leo, usingoje mshahara wala Ijumaa. Nenda na kadi ya chanjo ukiwa nayo, na ukikosa nenda hivyohivyo. Mwambie nesi ni msumari, umeingia kina gani, ulikuwa wapi, umevaa nini mguuni. Kama ulikuwa na ndara, mwoneshe hiyo ndara, aangalie kama kuna kipande kimekosekana.