Programu imekataa kufunguka? Soma kosa lenyewe kwanza

Wengi wanaonipigia simu kuhusu Linux hapa Kisumu wana neno moja tu: "imekataa." Nikiuliza imesema nini ilipokataa, kimya. Baadaye naletewa picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, nusu yake mng'ao wa taa ya dukani, na jibu lote liko pale pale kwenye mstari ambao hakuna aliyeusoma.

Kwa upande wa maktaba za pamoja, yaani yale mafaili ya .so yanayotumiwa na programu nyingi kwa wakati mmoja, mstari huo huja kwa sura mbili. Hii ndiyo ya kwanza:

error while loading shared libraries: libssl.so.1.1: cannot open shared object file: No such file or directory

Na hii ya pili:

/lib/x86_64-linux-gnu/libc.so.6: version `GLIBC_2.34' not found (required by ./risiti)

Ya kwanza inasema faili halipo, au lipo mahali ambapo kipakiaji, yaani sehemu ya mfumo inayotafuta maktaba programu inapofunguka, hakitazami. Ya pili inasema faili lipo, tena limeshafunguliwa, ila halina toleo ambalo programu inalidai. Ni shida mbili tofauti kabisa, na anayezichanganya hujiongezea kazi.

Tuanze na libssl, maktaba ya OpenSSL inayosimba mawasiliano ya mtandao. Ubuntu 22.04 ilikuja na OpenSSL 3 na kuiacha 1.1. Programu zilizojengwa kabla ya hapo bado zinatafuta libssl.so.1.1, kwa jina hilo hilo, na hazilipati. Namba iliyo mwishoni si pambo. Wenye maktaba huibadilisha wanapovunja makubaliano ya awali, ili programu ya zamani isije ikashika maktaba mpya na kuanguka katikati ya kazi.

Ushauri unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ni kutengeneza kiungo: libssl.so.1.1 ielekezwe kwa libssl.so.3. Jaribu uone. Kosa la kwanza litaondoka na la pili litachukua nafasi yake: version `OPENSSL_1_1_0' not found. Ndani ya maktaba hiyo fankisheni zimepigwa mhuri wa toleo, na OpenSSL 3 haina mhuri wa 1.1.0. Jina umelidanganya, mhuri haudanganyiki. Maktaba zisizo na mihuri ndizo za kuogopa zaidi, maana programu itafunguka vizuri, itapiga kazi asubuhi nzima, halafu ianguke saa saba mchana foleni ikiwa imefika mlangoni.

Mimi kwanza natafuta toleo jipya la programu yenyewe. Lisipopatikana, naweka libssl.so.1.1 na mwenzake wa OpenSSL, libcrypto.so.1.1, kwenye folda ya programu hiyo peke yake, mbali na maktaba za mfumo, kisha naionyesha njia kwa patchelf, zana ya kubadilisha njia ya maktaba iliyoandikwa ndani ya programu ($ORIGIN ni folda ya faili lenyewe):

patchelf --set-rpath '$ORIGIN/lib' ./programu

Hizo alama za nukuu ni za lazima. Ukiziacha, sheli, ile inayosoma amri zako, inaimeza $ORIGIN na njia inabaki /lib, ambayo siyo uliyoitaka. Kuna mtego mwingine mdogo. Njia hii inafuatwa kwa maktaba zilizotajwa na programu yenyewe tu. Kama libcrypto inatajwa na libssl peke yake, basi na libssl nayo ipachikiwe njia yake, '$ORIGIN'. Halafu kumbuka kwamba OpenSSL 1.1.1 iliacha kupata marekebisho ya bure ya usalama Septemba 2023. Programu inayoongea na intaneti siifanyii hivi hata mwenyewe akilalamika.

LD_LIBRARY_PATH nayo, kile kigeu kinachokiambia kipakiaji folda ya kutazama kwanza? Ni nzuri kwa kujaribia, mbele ya amri moja: LD_LIBRARY_PATH=./lib ./programu. Ukiiandika kwenye .bashrc, faili linalosomwa kila unapofungua terminali, kila programu unayoifungua itapitia folda hiyo kwanza, na wiki ijayo kitu kingine kitavunjika na hutajua kwa nini. Kama maktaba umeijenga mwenyewe ikaingia /usr/local/lib lakini bado haionekani, mara nyingi inatosha sudo ldconfig, inayosasisha orodha ya maktaba ya kipakiaji.

Sasa GLIBC, yaani glibc, maktaba ya msingi ya C inayotegemewa na karibu kila programu; faili lake kuu ni libc.so.6. Kijana mmoja anayesoma Maseno aliandikia duka la jumla la Kibuye programu ndogo ya C ya kuchapisha risiti. Kwenye kompyuta ya duka ikatoa kosa lile la pili.

"Mkubwa, kwangu inafunguka vizuri," akaniambia.

Lazima ifunguke. Laptopu yake ina Ubuntu 22.04 yenye glibc 2.35, kompyuta ya duka ina 20.04 yenye 2.31.

"Lakini sijatumia kitu chochote kipya. Ni printf na kufungua faili tu."

Hapo alikuwa na haki ya kushangaa. Glibc 2.34, iliyotoka Agosti 2021, iliingiza maktaba za libpthread na libdl ndani ya libc yenyewe, na ikaipa mhuri mpya __libc_start_main, ile fankisheni inayoita main ya programu yako. Kwa hiyo ukijenga kwenye 2.34 au zaidi kwa njia ya kawaida, hata programu ya mstari mmoja itadai GLIBC_2.34. Tukaangalia mihuri ambayo programu inaidai:

objdump -p ./risiti | grep GLIBC_

Ikatoka 2.2.5 na 2.34. Tukaandika ldd --version, inayotaja toleo la glibc, kwenye kompyuta ya duka, ikajibu 2.31. Ubishi ukaisha.

Glibc hutunza mihuri yake ya zamani, kwa hiyo programu iliyojengwa kwenye toleo la zamani hufanya kazi kwenye jipya, lakini si kinyume. Jenga kwenye mfumo wa zamani kuliko yote utakayoihudumia. Si lazima urudishe laptopu nyuma: kontena (mfumo mdogo uliotengwa ndani ya laptopu) ya Debian 11, ambayo nayo ina 2.31, inatosha. Alijenga upya humo, na mhuri wa 2.34 haukuonekana tena.

Usilopaswa kufanya hata ukibembelezwa ni kunakili libc.so.6 ya laptopu na kuiweka juu ya ile ya mfumo. Bash, ls, cp na sudo zote zinaitegemea, na lazima ilingane na kipakiaji chake, ld-linux-x86-64.so.2. Zikipishana, hata cp ya kurudisha faili la awali haitafunguka. Utaishia kuwasha mashine kwa flashi.

Mengine kwa haraka. Programu usiyoijua ilikotoka usiipime kwa ldd, amri inayoorodhesha maktaba za programu, kwa sababu ldd inaweza kuiendesha. Tumia readelf -d. Na ukiambiwa "No such file or directory" ilhali faili unaliona kwa macho, andika file ./programu. Huenda ni ya biti 32 na kipakiaji chake hakipo. Kwenye Ubuntu utahitaji dpkg --add-architecture i386, apt update, kisha usakinishe libc6:i386.

Mwenye duka nilimwambia kwamba muda wa kawaida wa huduma wa Ubuntu 20.04 uliisha Mei 2025, kwa hiyo mashine yenyewe bado inahitaji kupandishwa. Swali lake lilikuwa moja: risiti zitasimama? Zitasimama kwa saa chache. Jumapili ni siku ya soko kubwa Kibuye, basi tukapanga Jumatatu jioni, baada ya kufunga.