Mmonaki na barua zake kwa wakubwa

Wengi hudhani mmonaki akishaingia monasterini, mambo ya serikali hayamhusu tena. Basi mtazame Thomas Merton, Mtrapisti (mmonaki wa shirika moja la Kikatoliki) wa abasia, yaani monasteri, ya Gethsemani, Kentucky, Marekani. Desemba 1961 alimwandikia Ethel Kennedy, shemeji wa rais, kuhusu hatari ya vita vya nyuklia. Agosti 1962 akamwandikia Shinzo Hamai, meya wa Hiroshima. Mwaka huohuo wakuu wa shirika lake walimkataza kuchapisha maandishi juu ya vita. Akatii. Ila barua si kitabu (mjanja yule!): zilirudufiwa kwa stensili, zikapita mkono kwa mkono. Nadhiri ya utii ilimbana kweli. Ile ya ukimya inayosemwa sana, Watrapisti hawaiweki kabisa.