Meli-gereza ni nini, na namna ya kumtafuta babu aliyefungwa humo

Meli-gereza ni meli kuukuu iliyong'olewa milingoti, ikatiwa nanga mtoni au bandarini, kisha ikajazwa wafungwa. Haisafiri. Watu wengi wanaofuatilia nasaba zao Uingereza na Australia huichanganya na meli iliyowavusha wafungwa bahari, na wakishakosea hapo, msako wote huenda mrama. Katika nyaraka za Kiingereza utaikuta ikiandikwa hulk, likifuatiwa na jina la chombo.

Mwanzo wake ni vita vya uhuru wa Marekani. Kabla ya hapo Uingereza iliwapeleka wahalifu wake Maryland na Virginia, ambako wakulima walinunua nguvu zao kwa miaka ya hukumu. Vita ikaifunga njia hiyo, jela za nchi kavu zikafurika, na mwaka 1776 Bunge likaruhusu wafungwa wawekwe ndani ya meli kwenye mto Thames. Ilikuwa hatua ya muda tu, ya miaka miwili. Ikadumu miaka 80 na ushei. Mkandarasi wa kwanza, Duncan Campbell, ndiye yuleyule aliyekuwa akiwasafirisha wafungwa kwenda Marekani. Biashara ilimgeukia, naye akageuka nayo. Meli yake Justitia ilikaa Woolwich. Mchana watu walichota mchanga na matope mtoni wakiwa na pingu miguuni, usiku wakafungiwa chini ya sitaha. Kati ya Agosti 1776 na Machi 1778 waliingizwa wafungwa 632, na 176 kati yao wakafa.

Australia ilipoanza kupokea wafungwa mwaka 1788, meli hizi zikawa pia mahali pa kungojea safari. Wanaume walikaa humo miezi, wengine miaka, mpaka chombo cha kuwavusha kipatikane. Wanawake kwa kawaida hawakuwekwa humo. Wao walingojea katika jela za miji na wilaya. Kwa hiyo ukimtafuta bibi wa ukoo kwenye rejista za Woolwich, unapoteza muda wako.

Mimi humshauri anayeanza aulize kwanza: meli hiyo ilikuwa imetia nanga wapi? Mahali ilipokaa panakuambia adhabu ya mtu wako ilikuwa imefika hatua gani, na pia ni serikali ipi iliyomwandika.

Zilizokuwa Woolwich, Chatham, Sheerness, Portsmouth na Plymouth zilishika watu waliokwisha kuhukumiwa, wakiwa bado Uingereza. Za Bermuda, kuanzia 1824, na za Gibraltar, kuanzia 1842, zilikuwa na watu waliotolewa Uingereza kwenda kujenga gati na kuta za jeshi la majini. Wengi wao hawakufika Australia, hata kama hukumu zao zilisema watapelekwa ng'ambo.

Sydney ni habari nyingine. Phoenix ilikuwa meli ya kusafirisha wafungwa iliyopanda mwamba ndani ya bandari mwaka 1824, na tangu 1825 hadi 1837 ikatumika kama gereza. Aliyekuwa ndani ya Phoenix kwa kawaida alikwisha kufika koloni, akatenda kosa jipya huko, na sasa anangoja kupelekwa kisiwa cha Norfolk au Moreton Bay. Maana yake ana hukumu mbili, na nyaraka za pande mbili. Hobart nako kulikuwa na Anson, meli ya kivita ya zamani, na humo, tofauti na Uingereza, walikaa wanawake: kuanzia 1844 waliowasili Tasmania waliwekwa humo miezi sita wakifundishwa kazi kabla ya kuajiriwa nyumbani kwa watu.

Melbourne ndiko kunakowachanganya watu zaidi. Dhahabu ilipogunduliwa Victoria mwaka 1851, mabaharia walizitoroka meli zao bandarini wakakimbilia machimboni, na uhalifu ukaijaza jela. Serikali ya koloni ikanunua meli zilizobaki bila watu: President, Success, Sacramento, Lysander, Deborah. Aliyefungwa humo huenda aliingia nchini kama mhamiaji huru aliyelipa nauli yake, au alizaliwa hukohuko. Chukua ukoo wa Ned Kelly, jambazi anayejulikana kuliko wote Australia. Baba yake, John, alihukumiwa Tipperary, Ireland, kwa kuiba nguruwe, akapelekwa Tasmania. Mtoto alizaliwa Victoria, na mwaka 1873, akitumikia kifungo cha kupokea farasi wa wizi, aliwekwa ndani ya Sacramento huko Williamstown. Baba utamkuta kwenye kumbukumbu za wafungwa wa Dola ya Uingereza. Mwana yumo kwenye rejista za magereza za koloni la Victoria, zilizohifadhiwa Melbourne. Ni mtu na mwanawe, na bado ukitafuta mahali pamoja unampata mmoja tu.

Sasa nyaraka zenyewe. Rejista za meli za Uingereza za miaka 1802 hadi 1849 ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa, Kew, London, chini ya alama HO 9. Mstari mmoja wa rejista hizo umebeba mengi: jina, umri, kosa, mahakama na tarehe ya hukumu, miaka aliyopewa, mara nyingi na maneno machache ya mkuu wa jela alikotoka kuhusu tabia yake. Safu ya mwisho husema aliishia wapi: jina la meli iliyomchukua na siku aliyoondoka, au meli-gereza nyingine, au msamaha, au kifo. Ianze safu hiyo kuisoma. Kundi la HO 8, lililoanza 1824, lina orodha za kila robo mwaka, zikieleza afya na mwenendo wa kila mfungwa. Waliovushwa bahari wako HO 11, wamepangwa kwa meli.

Usiamini jina peke yake. Karani aliandika alivyosikia, na akina John Smith walikuwa tele. Kinachomfunga mtu wako na mstari fulani ni mahakama na tarehe ya hukumu. Hivyo viwili vikilingana, tofauti ya umri wa mwaka mmoja au miwili haina uzito.

Na kama rejista haipo? Hesabu mwanya kati ya hukumu na safari. Billy Blue, mtu mweusi, alihukumiwa Maidstone Oktoba 1796 kwa wizi wa sukari, miaka saba. Alishuka Sydney Desemba 1801 kutoka meli ya Minorca, iliyong'oa nanga Uingereza katikati ya mwaka huohuo. Toa nusu mwaka ya safari, unabaki na zaidi ya miaka minne, na miaka hiyo aliimaliza kwenye meli-gereza. Baadaye akawa mvushaji wa watu kwa mashua bandarini Sydney, na rasi ya Blues Point imepewa jina lake.

Mtego mwingine ni meli kubadilishwa majina. Bellerophon, ambayo Napoleon alijisalimisha ndani yake Julai 1815, iligeuzwa gereza Sheerness, na mwaka 1824 ikaitwa Captivity. Kulikuwa na Captivity nyingine kabla yake, Portsmouth. Mtu aliyeandikwa Captivity mwaka 1805 na aliyeandikwa Captivity mwaka 1828 hawakukanyaga sitaha moja.

Success nayo imewapotosha watu vizazi kadhaa. Ilipoacha kuwa gereza ilizungushwa Australia, Uingereza na Marekani kama maonyesho ya kulipia kiingilio, ikitangazwa kuwa ya mwaka 1790 na kwamba iliwaleta wafungwa wa mwanzo. Ilijengwa Burma mwaka 1840, wala haikuwahi kuwaleta wafungwa Australia. Ikateketea kwa moto ziwa Erie mwaka 1946, lakini hadithi zake bado zimo kwenye simulizi za koo nyingi. Bibi akikuambia babu yake alikuja na Success kama mfungwa, mpe heshima yake kisha nenda kwenye HO 11.

Kuna pia wale wasioondoka kabisa. Mtu aliyehukumiwa miaka saba ya kupelekwa ng'ambo aliweza kutumikia miaka minne au mitano palepale Chatham au Portsmouth, akapewa msamaha, akarudi kwao. Ukikuta neno la msamaha kwenye safu ya mwisho, acha orodha za Australia. Rudi kwenye vitabu vya parokia alikozaliwa na kwenye sensa ya Uingereza ya 1841. Kama alikuwa hai bado, huenda yumo humo, ana mke na kazi yake.