Anwani zimeisha sawa, ila cheki na jedwali la ruti

Vijana wanaoanza kazi za netiweki huwa wananiambia shida ya intaneti ni anwani za IPv4 (namba za zamani za kutambulisha vifaa mtandaoni) kuisha, tukihamia IPv6, toleo jipya lenye anwani nyingi zaidi, basi tumemaliza. Kuisha kweli zimeisha, zilikuwa bilioni 4.3 hivi na mafungu ya mwisho yaligawiwa kwa mashirika ya kanda Februari 2011. Ila kuna ukuta mwingine, jedwali la ruti, yaani orodha ya njia za kufikia kila fungu la anwani inayotunzwa na ruta (kifaa kinachoelekeza trafiki), na mi niliuona kwa macho.

Tarehe 12 Agosti 2014 nilikuwa zamu, simu za wateja zikaanza kuingia, huyu tovuti fulani haifunguki kabisa, yule zote zinafunguka ila zinajikokota. Nikaingia kwenye ruta yetu ya nje, prosesa iko juu balaa na logi inasema chipu ya ruti imejaa, zilizozidi zinapelekwa kwa programu, yaani prosesa ndiyo inazihangaikia, polepole. Ile chipu inaitwa TCAM, inalinganisha anwani ya pakiti na ruti zote kwa mpigo mmoja, ni ghali, inakula umeme, na huwezi kuiongeza kama RAM. Ruta nyingi za wakati ule zilitoka kiwandani zimetengewa ruti 524,288 za IPv4, sasa siku hiyo mtandao mmoja mkubwa wa Marekani ukamwaga kwenye jedwali vipande kama 15,000 vya mafungu yake na mstari ukavukwa. Dawa ilikuwa amri moja tu, kupunguza nafasi ya IPv6 uipe IPv4, ila lazima uzime ruta uiwashe upya, kwa hiyo tukasubiri usiku.

Konda wa daladala anaita Mbagala, haiti namba ya kila nyumba ya Mbagala. Ruti zilitakiwa ziwe hivyo hivyo. Lakini kampuni ikichukua laini mbili kwa watoa huduma wawili inatangaza /24 yake (fungu la anwani 256; namba ya mkwaju ikipungua fungu linakua) peke yake, mwingine anaivunja /16 vipande 256 ili agawe trafiki, na kila kipande kinakaa kwenye ruta za watu dunia nzima ambao hawamjui wala hawamlipishi kitu. IPv6 haibadilishi hapo, inatangazwa kwa BGP ile ile, lugha ambayo mitandao hutangaziana ruti, na kwenye chipu yetu ile ruti yake moja ilikula nafasi mbili!

Jamani kagueni mnachotangaza. Juzi nimekuta mteja wetu ana /24 nane zinazofuatana, zote zinapita laini moja, hakuna sababu yoyote. Tumezifanya /21 moja, kazi ya dakika kumi, ruti saba zimetoka.