Beringi laini si beringi feki

Wengi huamini kwamba kila kipuri cha injini ya dizeli kinapaswa kuwa cha chuma kigumu kadiri inavyowezekana. Ndiyo maana mtu akiikwaruza beringi mpya ya krenkshafti (mhimili mkuu wa injini unaozungushwa na pistoni) kwa ncha ya bisibisi na kuona imechubuka, huirudisha dukani akilalamika kwamba ni feki. Si kweli, na kwa mkwaruzo huo ameiharibu mwenyewe.

Beringi hiyo ni ya matabaka. Mgongo wake ni wa feleji, juu yake kuna aloi ya shaba na risasi au ya alumini na bati, na nyingi humaliziwa kwa utando laini mwembamba kuliko unywele. Ulaini huo umekusudiwa. Chembe ya uchafu ikipenya kwenye oili, huzama ndani ya utando badala ya kuichimba krenkshafti, ambayo ndiyo yenye gharama kubwa. Vilevile, injini inapowashwa kabla oili haijafika, utando huo huvumilia mguso mfupi bila vyuma kung'ang'aniana.

Pistoni nayo mara nyingi ni ya alumini na silikoni, kwa sababu ni nyepesi na hupitisha joto haraka. Sehemu inayokaa ringi ya juu ndiyo huimarishwa kwa chuma cha kusubu. Injini nzito zenye mgandamizo mkali hutumia pistoni za feleji.

Kwa hiyo dukani ulizia saizi: krenkshafti ikishachongwa, inahitaji beringi nene zaidi, mathalani za saizi ya 0.25 mm, yaani za krenkshafti iliyopunguzwa kipenyo kwa 0.25 mm.