Kusoma historia na siasa pamoja chuo, maana yake nini hasa

Wadogo zangu wengi wakimaliza form six na kombi ya HGL au HKL, zile zenye historia na lugha ndani yake, wakati wa kuomba chuo wanakutana na hii kitu, historia na sayansi ya siasa ndani ya digrii moja, alafu wanauliza sasa hapo mtu unasomea nini? Jibu wanalopewa ni kwamba historia ni mambo ya zamani, siasa ni mambo ya leo, ukizisoma zote umemaliza. Mi naona hilo jibu linawapoteza kabisa, maana mtu anaingia mwaka wa kwanza akijua ana masomo mawili, la asubuhi na la mchana, anakariri ya huku anakariri ya kule mpaka anamaliza bila kujua yanakutania wapi.

Yanakutania kwenye swali la kwa nini. Mtu wa historia ukimuuliza kwa nini jambo fulani lilitokea, anataka kujua lilitokea pale, mwaka ule, kwa watu wale, na anataka umwonyeshe barua, ripoti ya bwana shauri, yule mkuu wa wilaya wa kikoloni, au mzee aliyekuwepo akasimulia. Mtu wa siasa yeye anauliza kwa nini jambo la aina hiyo linatokea huku na kwingine halitokei, nani alikuwa na nguvu, nguvu hiyo aliipata wapi, na sheria zilimpa nini. Haya majibu mawili mara nyingi hayakubaliani, na kuzisoma pamoja ni kukaa katikati ya huo ubishi mpaka uone kila upande umesahau nini.

Mfano ninaoupenda ni huu wa machifu. Tanganyika ilifuta uchifu mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya uhuru, na hakukuwa na vita. Jirani zetu Uganda, Mei 1966 jeshi la serikali likavamia ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, ufalme mkubwa ndani ya Uganda, pale Mengo, watu wakafa, Kabaka mwenyewe Mutesa II akakimbilia Uingereza na akafia London mwaka 1969, alafu falme zenyewe zikafutwa 1967, na nyingi zikarudishwa kuanzia 1993. Nchi mbili zimepakana, zote zilikuwa chini ya Mwingereza, uhuru zimepishana chini ya mwaka mmoja. Sasa kwa nini huku kimya na kule risasi?

Ukianza kisiasa unapata jibu zuri sana. Buganda walikuwa na mkataba na Waingereza tangu 1900, mkataba uliowapa wakubwa wao ardhi, ile mailo, jina limetoka kwenye maili za mraba walizogawiwa. Wakawa na bunge lao, Lukiiko, na ilipokaribia uhuru wakawa na chama kabisa, Kabaka Yekka, Milton Obote wa chama cha UPC akalazimika kuungana nacho ndio apate serikali akiwa waziri mkuu mwaka 1962, na mwaka uliofuata Kabaka mwenyewe akawa Rais wa nchi. Kwa hiyo kumwondoa ilikuwa ni kugusa ardhi, katiba na kura kwa mpigo mmoja. Machifu wa Tanganyika walikuwa wengi, kila mmoja na eneo lake dogo, wanalipwa mshahara na serikali, na TANU, chama cha Nyerere kilichodai uhuru, ilipita juu yao ikajenga matawi kila mahali, uchaguzi wa 1960 ikachukua viti 70 kati ya 71. Chifu wa namna hiyo ukimfutia cheo anagombana na wewe kwa kutumia nini?

Hapo mtu wa siasa anafunga daftari. Mwanahistoria anamwambia ngoja kwanza. Bukoba kulikuwa na nyarubanja, mashamba makubwa chini ya watawala na watu wao, mbona huko nako hakukuwaka? Na hao machifu wenyewe walitoka wapi? Mjerumani alitumia sana maakida na majumbe, maofisa aliowaweka yeye mwenyewe, alafu Gavana Cameron wa Mwingereza akaja kupanga utawala wa kupitia machifu kwa sheria ya 1926, na kuna sehemu ambazo chifu alitafutwa na kutengenezwa ofisini, wananchi hawakuwahi kumjua. Kilimanjaro Wachagga walishapiga kura 1960 wakaachana na Mangi Mkuu, chifu wao mkuu, kabla hata ya uhuru. Na kuna jambo ambalo nadharia hailioni kirahisi: Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mtoto wa chifu wa Wazanaki, alisoma Tabora, shule iliyoanzishwa na mkoloni kwa ajili ya watoto wa machifu, na Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, alikuwa waziri kwenye serikali ya uhuru. Yani baadhi ya watu wa nyumba za kichifu walikuwa wameshahamia kwenye chama na serikali, cheo cha zamani hakikuwa njia pekee ya kuwa mkubwa. Sasa jibu lako la kwanza halijafa, ila limebadilika, na kulibadilisha hivyo ndio kazi yenyewe unayoisomea.

Mfano mwingine kwa kifupi, Tume ya Nyalali ya 1991, iliyokusanya maoni kama nchi ibaki na chama kimoja au iwe na vyama vingi. Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, bado tume ikapendekeza vyama vingi na 1992 sheria ikabadilishwa. Siasa inakuuliza chama tawala kinapata faida gani kufungua mlango mapema kikiwa bado kina nguvu. Historia inakuuliza hao watu waliishi nini tangu 1965 chama kimoja kilipowekwa kisheria, wakisema tunataka chama kimoja walikuwa wanamaanisha nini, kwa sababu wengi wao hao hao walitaka mambo kibao yarekebishwe ndani yake.

Kwa vitendo sasa, madesa, zile notisi za kurithishana, hayatakufikisha. Upande wa siasa utasoma nadharia na takwimu kidogo, upande wa historia lazima siku moja uende Nyaraka za Taifa pale Upanga, ujaze fomu, uletewe faili lina vumbi, ukae nalo masaa matatu upate sentensi mbili za maana, na zile sentensi mbili zinaweza kuvuruga nadharia uliyoiandikia esei nzima. Ni uchovu lakini mi sijaona sehemu nyingine ambapo mtu anajifunza kufikiri hivyo.

Na ukifika mwaka wa tatu unatafuta topiki ya utafiti, usichukue kitu kama "siasa za Tanzania tangu uhuru", hiyo haifanyiki. Chukua swali lenye mwaka na mahali, alafu lenye sehemu ya pili ya kulinganisha nayo. Kwa mfano, kwa nini Wachagga walimkataa Mangi Mkuu 1960 wakati Waganda mwaka uliofuata walianzisha chama cha kumlinda Kabaka.