Gari haliwezi kuwa na "ufanisi wa kilomita mia tatu"

Nilikuwa Nyegezi, hapa Mwanza, kwenye sehemu ya kuoshea magari, nasubiri zamu yangu, na kando yangu dalali anamsifia mteja gari la umeme la mtumba. "Bosi wangu, chuma hii ina ufanisi wa kilomita mia tatu." Mteja akaitikia kwa kichwa. Nikanyamaza, gari si langu na pesa si yangu. Ila hiyo ilikuwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Ya kwanza shemeji yangu, ya pili mtangazaji wa redio, na sasa huyu. Ningeyaacha yapite kama nisingekuwa mwalimu wa fizikia. Kila mwaka kuna mwanafunzi wa kidato cha pili anayeandika kwamba ufanisi wa mashine ni "mita 5", nami namkata maksi mbili. Siwezi kumkata mtoto maksi halafu watu wazima nikawaachia.

Maana yenyewe haichukui muda. Ufanisi ni ile sehemu ya ulichoingiza ambayo imefanya kazi uliyoikusudia. Ukichaji gari nyumbani, kati ya uniti 10 za umeme zinazopita kwenye mita ya LUKU, moja hivi huishia kuwa joto kwenye chaja, kwenye nyaya na kwenye betri yenyewe. Ufanisi wa kuchaji hapo ni kama asilimia 90. Hauna kilomita, hauna lita, ni asilimia tupu. Masafa ni umbali ambao gari litafika kabla betri haijaisha, na kipimo chake ndicho hizo kilomita. Katikati yao kuna neno la tatu, ambalo nadhani ndilo watu wanalolitafuta wanapokosea: ulaji, yaani uniti ngapi kwa kila kilomita 100. Uniti hapa ni ile ile ya LUKU, kilowati-saa moja. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima bila kupumzika imekula uniti moja. Gawanya uniti zilizomo kwenye betri kwa ulaji, utapata masafa. Basi, somo limekwisha. Kinachonikera ni maneno yenyewe.

Ufanisi ni neno lenye ukoo mzuri. Ndugu zake ni fana, fanikiwa, mafanikio na fanaka. Harusi ikifana, pilau limetosha, muziki haukukatika na wajomba hawakugombana. Ufanisi wa zamani ulikuwa huo: neema, mambo kukaa sawa. Maana ya asilimia imekuja baadaye, pamoja na mashine na taarifa za utendaji za maofisini. Kwa maana ile ya kale, basi, dalali hakukosea sana. Alikuwa anamtakia mteja heri ya kilomita mia tatu.

Masafa ndilo linaloniuma zaidi, maana watu wanalikimbia bila sababu. Tunalo, na tunalitumia kila siku: wakimbiaji wa masafa marefu, makombora ya masafa ya kati. Watu wa redio nao wamelichukua wakalipa kazi ya mawimbi, na huenda ndiyo sababu dalali analiogopa. Anadhani ataonekana anauza redio.

Halafu kuna wale wanaodhani masafa na safari ni watoto wa mama mmoja. Yanasikika hivyo, nakubali. Lakini safari, safiri, msafiri na msafara yametoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye herufi tatu: sini, fe, re. Masafa haina re hata ya kusingiziwa. Mzizi wake ni sini, wau, fe, na maana yake ni kunusa. Ndiyo, kunusa kwa pua. Wanakamusi wa kale wa Kiarabu wanaeleza kwamba kiongozi wa msafara akiwa jangwani, pasipo mti wala mlima wa kumwonyesha alipo, aliokota udongo akaunusa ili ajue kama bado yuko njiani au ameshapotea. Kutokana na kunusa huko, umbali ukaitwa masafa. Haukuwa namba iliyoandikwa kwenye kibao kando ya barabara. Ulikuwa kitu cha kukisiwa na mtu mwenye pua na uzoefu.

Huwa nacheka peke yangu nikilikumbuka hilo mbele ya dashibodi ya gari la umeme. Ile namba kubwa inayosema zimebaki kilomita 171 ni gari linanusa udongo. Linaangalia kilomita ulizotoka kuziendesha, linaona zimekula kiasi gani, kisha linakisia kwamba zilizobaki utaziendesha vivyo hivyo. Shemeji yangu anaishi juu Bugando. Asubuhi moja alishuka kwenda mjini, na alipofika chini namba ilikuwa imepanda kutoka 171 hadi 183. Akanipigia simu kwa furaha: "Shem, gari limejiongezea ufanisi!" Hakuna kilichojiongezea. Gari lilikuwa linateremka, halitumii karibu chochote, na mota ilikuwa inarudisha chaji kidogo kila alipoachia pedali. Likanusa, likadhani Tanzania nzima ni mteremko. Jioni alipopanda kurudi nyumbani, zile kilomita 12 zilipotea na nyingine zikazifuata. Safari hiyo hakunipigia.

Mlima una hesabu yake, na si kubwa kama watu wanavyoogopa. Gari la tani 1.6 likipandishwa mita 100 kwa wima linadai kama uniti 0.44 juu ya ulaji wake wa kawaida, sawa na kilomita tatu hivi za tambarare. Ukishuka unarudishiwa sehemu nzuri, ila si yote. Hapo ndipo neno ufanisi lingekaa mahali pake: katika uniti ulizotumia kupanda, ni asilimia ngapi zilizorudi wakati wa kushuka? Hakuna dalali anayeulizwa hilo.

Ajabu ni kwamba Kiswahili cha barabarani kilishamaliza kazi hii zamani. Gari linakula mafuta, au halili. Mtu akitaka kununua Toyota IST anauliza "lita moja inaenda kilomita ngapi?", wala haulizi tenki likijaa litamfikisha wapi. Land Cruiser V8 ya tenki mbili inabeba zaidi ya lita 130. Ukiijaza hapa Mwanza utafika Dodoma bila kukanyaga kituo cha mafuta. IST ina lita 45 tu. Je, umewahi kusikia mtu akisema V8 haili mafuta kwa sababu inafika mbali? Angechekwa stendi nzima. Lakini gari likishakuwa la umeme, akili hiyo hiyo inazimika, na lenye betri kubwa ndilo linaloitwa lenye ufanisi. Kumbe linaweza kuwa na betri ya uniti 80 na kula 22 kwa kilomita 100, wakati lile dogo lenye uniti 40 linakula 15. La kwanza lina masafa marefu. La pili ndilo lisilo mlafi.

Wavuvi wako mbele yetu katika hili. Shuka Kirumba, pale mwaloni, umuulize nahodha mashua yake ina masafa gani. Atakutazama tu. Atakuambia Ukerewe ni madumu mangapi ya petroli, tena si kabla ya kujua mzigo ni kiasi gani na upepo unatoka upande gani.

Sasa tuje kwenye namba za kwenye matangazo. Chukua Nissan Leaf ya betri ya uniti 40, iliyotoka Japani mwishoni mwa 2017. Kwa kipimo cha Kijapani cha wakati ule, kinachoitwa JC08, ilitangazwa kuwa inafika kilomita 400. Ulaya, kwa kipimo cha WLTP, gari lile lile likapewa 270. Marekani, kwa kipimo cha wakala wao wa mazingira, EPA, likapewa 243. Betri moja, mota moja, matairi manne yale yale. Hakuna aliyedanganya; kila mmoja aliendesha mtihani wake. Wajapani waliliendesha polepole na kwa upole kama mtu aliyebeba mayai, Wamarekani wakachanganya na barabara kuu. Kama masafa yangekuwa mali ya gari, kama ilivyo idadi ya milango, yangebadilikaje kwa kuvuka bahari? Na kwa kuwa magari yetu mengi ya mtumba yanatoka Japani, namba inayotufikia mara nyingi ndiyo ile ya mayai.

Mtihani wetu ni barabara ya Musoma. Ni kilomita mia mbili na kidogo, na kikubwa kinachoamua ni mguu wako wa kulia. Nguvu ya hewa inayolizuia gari inakua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka 80 kwenda 110 kwa saa, ukinzani wa hewa unakaribia kuwa mara mbili. Si ulaji wote unaokuwa mara mbili, maana matairi nayo yana msuguano wao usiojali sana mwendo, lakini betri inasikia. Kwa hiyo vile vibao vya 50 vya vijijini, Kisesa, Magu, Lamadi, ambavyo kila dereva anavilaani na kila trafiki anavipenda, ndivyo marafiki wa kweli wa mwenye gari la umeme. Tochi ya trafiki inakuokolea uniti. (Najua hakuna atakayenishukuru kwa sentensi hiyo.)

Mjini mambo yanageuka. Gari la petroli foleni ndiyo inayolimaliza. La umeme likisimama, mota haiigusi betri. Kinachokula ni kiyoyozi, na kiyoyozi hakijui kilomita, kinajua saa. Kikichukua kilowati moja na wewe umetumia saa nzima kusogea kilomita 10 kwenye foleni ya Igoma, umelipa uniti nzima kwa ubaridi peke yake. Kwa mwendo huo ni kama uniti 10 kwa kilomita 100, juu ya ulaji wa gari. Fungua kioo, upepo wa ziwa ni wa bure. Na zile video za Wanorwe wanaolia kwamba baridi imewala masafa, ziache. Kwetu hata Julai betri haijui theluji ni nini. Kinachopaswa kututia shaka ni joto la miaka mingi, hasa kwa betri zisizo na mfumo wa kuzipoza.

Hapo ndipo tofauti ya maneno inapogeuka pesa. Betri ikizeeka, iliyokuwa na uniti 40 inabaki na 30. Gari litakula vile vile, 15 kwa kilomita 100, kama siku lilipotoka kiwandani, ulaji haukuguswa. Masafa ndiyo yamekatwa robo. Anayechanganya ufanisi na masafa akiona gari halifiki mbali atadhani limeanza kula sana, atabadilisha matairi, atamwita fundi asafishe breki, na tatizo liko kwenye betri. Mwingine ataona kilomita zimepungua kwa sababu amefunga keria juu akapakia magunia mawili ya dagaa, aanze kuilaumu betri iliyo nzima kabisa. Kwenye Leaf kuna vijiti 12 kando ya kipimo cha chaji vinavyoonyesha uzima wa betri. Kijiti cha kwanza kikizimika, karibu asilimia 15 ya uwezo imeshakwenda. Hivyo havikisii safari yako, vinahesabu ukubwa wa dumu.

Yule mteja wa Nyegezi aliomba akafikirie, akaondoka. Zamu yangu ya kuoshewa ilikuwa bado, nikamsogelea dalali. Nikamwambia, "Kaka, samahani. Ungesema tu kwamba linakula uniti 15 kwa kilomita mia, na betri imebaki na 30. Angegawanya mwenyewe."

Akapiga hesabu kwenye simu, akaitazama. "Mwalimu, hiyo ni mia mbili. Nani atanunua?"

"Basi sema masafa ni mia mbili, au mia tatu ukiendesha kama umebeba mayai."

"Masafa," akarudia, kama anaonja. "Si ya redio hayo?"

Nikamwambia ya redio yalikuja baadaye, ayatumie tu bila wasiwasi, na lile la ufanisi aliache kwa ajili ya harusi.